Ishirini kwa Dakika

Binti alikuwa amekulia chini ya meza ya kutengenezea saa, na sikio lake lilifundwa mapema kuliko ulimi wake. Alipokuwa na umri wa miaka sita aliweza kuupa mgongo ukuta wenye saa kumi na nne na kutaja ipi kati yake inachelewa. Kwa hiyo Jumanne ile, saa kumi alasiri, wageni waliporuhusiwa kuingia katika wodi ya wagonjwa mahututi, hakuanza kwa kumtazama baba yake. Alianza kwa kumsikia.

Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga sekunde zake juu ya mlango, na mzee alikuwa akipumua nyuma ya pazia la kitanda cha tano. Kila pigo la tatu, pumzi moja. Binti alihesabu dakika nzima, kisha ya pili, kisha ya tatu, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kwamba kipimo kimoja si kipimo. Ishirini. Ishirini. Ishirini. Hapakuwa na pumzi iliyotangulia wala iliyochelewa hata kwa upana wa unywele.

Jana yake, alipomuaga, pumzi za baba yake zilikuwa kama nyayo za mtu anayekimbia asikokujua: tatu za haraka, kimya, moja ndefu, mbili fupi.

"Saa nzuri hukosea kidogo," mzee alizoea kuwaambia wateja waliolalamika. "Ukiona isiyokosea kabisa, jua kuna mtu anaisogeza."

Binti alifungua pazia na kumshika mguu. Ulikuwa wa baridi, na haikuwa baridi ya mguu wa mgonjwa. Ilikuwa baridi ileile ya chuma cha kitanda. Kulikuwa pia na harufu ambayo haikuwa ya dawa, wala ya jasho, wala ya sabuni ya sakafu. Ilikuwa harufu ya kisima kilichofunikwa kwa miaka mingi, siku kifuniko kinaposogezwa.

"Sista," aliita kwa sauti ya chini. "Baba amepoa."

Msimamizi wa wodi hakuinuka mezani. Walimwita Sista Funguo kwa sababu ya lile fungu la funguo lililoning'inia kiunoni mwake tangu alipokabidhiwa wodi hiyo, miaka ishirini na miwili iliyopita.

"Wagonjwa wa kifua miguu yao hupoa, mwanangu. Mfunike vizuri."

"Anapumua ishirini."

"Si ndivyo nilivyoandika?" Sista Funguo aliigonga chati kwa ncha ya kalamu. "Saa nne ishirini, saa nane ishirini. Baba yako leo ametulia kama maji ya mtungini. Shukuru."

Ni lazima jambo hili la kuandika lielezwe kikamilifu, kwa kuwa ndilo lililoleta yote yaliyofuata.

Wodi ile ilikuwa na vitanda sita, na kila baada ya saa nne kila mgonjwa alipaswa kupimwa mambo manne. Joto lilipimwa kwa kipimajoto. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu yalipimwa kwa mashine. Pumzi pekee hazikuwa na mashine. Muuguzi alitakiwa asimame kando ya kitanda, saa mkononi, akitazame kifua kikipanda na kushuka kwa dakika moja kamili, asifanye lingine lolote. Vitanda sita mara sita kwa siku ni dakika thelathini na sita. Hakuna aliyekuwa nazo. Au tuseme, kila mmoja alikuwa nazo, lakini alizitumia kwa jingine. Hivyo basi, tangu kabla ya Sista Funguo, wauguzi wa wodi ile waliandika ishirini. Ishirini ni namba ya heri: haimwamshi daktari wala haimtishi ndugu wa mgonjwa. Walikuwa na mzaha wao kuhusu namba hiyo. "Ukinikuta nimelala kwenye zamu," walitaniana, "niandikie ishirini yangu." Siku zenye kazi nyingi waliziandika ishirini za mchana mzima tangu asubuhi, wakiwa wameketi, kalamu ikishuka kwenye safu kama mtu anayepanda mahindi.

Kwa wagonjwa wengi hakuna kilichoharibika. Kwa Fundi Saa, baba yake Binti, namba hiyo ilikuwa mlango.

Mapafu ya Fundi Saa yalikuwa yamekauka na kuwa magumu kama ngozi ya ngoma, na hapakuwa na tiba. Yeye mwenyewe, mwenye umri wa miaka sabini na minne na akili timamu, alikuwa ametia saini karatasi mbele ya daktari na Binti: pumzi zake zikikoma asigandamizwe kifua wala asifungwe kwenye mashine. Aliomba jambo moja tu kama malipo ya saini hiyo.

"Kufa siogopi, daktari," alisema siku ile, akikata maneno vipande vipande ili apate hewa. "Naogopa kuzama. Nikiwa macho. Ndani ya chumba kikavu."

Daktari, kijana aliyekuwa bado anaona aibu mbele ya wazee, alimwahidi. Aliandika juu ya chati kwa wino mwekundu: *Pumzi zikizidi thelathini kwa dakika, apewe mofini mara moja, bila kumsubiri daktari.* Chupa ndogo kumi za dawa hiyo ya kutuliza zikatolewa kwa jina la mzee na kufungiwa kabatini. Ufunguo ukabaki kiunoni mwa Sista Funguo. Lakini kuitoa chupa moja kulidai saini mbili, na saini ya pili ilikuwa ya mfamasia, ghorofa mbili chini, mwendo wa nusu saa kwa magoti ya mwanamke aliyebakiza miezi kumi na minne kustaafu. Thelathini na moja ilikuwa safari. Ishirini ilikuwa kiti.

Jumatano asubuhi daktari alimpima Fundi Saa, akabadilisha kifaa cha kusikilizia moyo mara tatu, akidhani kimeharibika. Ndani ya kifua kile alisikia hewa ikiingia na kutoka, kama upepo kwenye bomba lisilounganishwa na kitu. Moyo hakuusikia. Kipimajoto kilionyesha joto la chumba. Alimulika macho ya mzee kwa kurunzi, mboni hazikujongea.

Binti alikuwa amekuja na kioo, kile cha mviringo ambacho baba yake alikibana jichoni alipotengeneza saa ndogo. Alikishika mbele ya pua ya mzee. Kifua kilipanda, kikashuka; kikapanda, kikashuka. Kioo kilibaki kikavu.

"Pumzi ya mtu hai huacha ukungu," alinong'ona. "Hii ni ya nani, daktari?"

"Sijui."

"Basi andika kwamba amefariki, tumzike."

"Dada yangu, fomu ya kifo ina visanduku vitatu. Moyo umesimama. Pumzi zimekoma. Mboni hazijibu." Daktari alijifuta jasho la shingo. "Siwezi kutia alama cha kwanza na cha tatu, nikakiacha cha katikati wazi. Nikisaini kwamba amekufa huku kifua kinapanda, mimi ni muuaji. Nikisaini kwamba yu hai, mimi ni mwendawazimu."

"Na kwa sasa wewe ni nani?"

Daktari aliichukua chati. Aliandika: *Uangalizi uendelee.* Kwa hiyo waliendelea kuandika ishirini, na sasa, kwa mara ya kwanza katika historia ya wodi ile, namba hiyo ilikuwa kweli.

Kaka yake Binti, dereva wa malori ya masafa marefu, aliwasili mchana wa siku hiyo na vumbi la safari likiwa bado kwenye nyusi. Hakuwa amemwona baba yake kwa miezi saba. Aliushika mkono wa mzee, akaushika muda mrefu, na mtu yeyote aliyeutazama uso wake angejua kwamba alikuwa ameisikia ile baridi.

"Anapumua," alisema.

"Kaka, huyo si baba."

"Anapumua! Nilijua tu. Wewe ndiye uliyemshika mkono akasaini karatasi yao. Ulikuwa na haraka gani?"

"Nilikuwa hapa, kaka. Hiyo ndiyo haraka niliyokuwa nayo. Kila siku nilikuwa hapa."

"Hakuna atakayemgusa," kaka alisema, akiketi. "Maadamu anapumua, hakuna atakayemgusa." Naye akasogeza kiti nyuma kidogo, mbali na harufu.

Alhamisi, fundi cherehani aliyelazwa kitanda cha tatu alipona, akaruhusiwa saa sita mchana. Aliondoka akiwatania wauguzi kwamba atawashonea sare zisizobana wanaposhiba. Kitanda kilitandikwa shuka safi. Saa nane Sista Funguo alipita na ndoo ya taka, na alipofika kitanda cha tatu aliiweka ndoo chini.

Shuka lilikuwa likipanda.

Lilipanda taratibu katikati, mahali ambapo kifua cha mtu kingekuwa, likafikia kimo cha kiganja, likashuka; halafu, baada ya sekunde tatu, likapanda tena; na pale juu ya mto uliokuwa umepigwa na kusawazishwa kulikuwa na bonde dogo la mviringo, linalozama na kuinuka, linalozama na kuinuka, kwa mwendo uleule wa pazia la kitanda cha tano, ambalo nalo lilikuwa likivutwa ndani na kusukumwa nje na kile kilichokuwa nyuma yake, kana kwamba vitanda viwili vilikuwa vimegawana pafu moja. Harufu ya kisima ikamjaa mdomoni.

Hakupiga kelele. Kitu fulani ndani yake, kitu chenye mahesabu, kilimwelekeza mezani. Aliitafuta chati ya kitanda cha tatu. Ilikuwa pale, bado haijapelekwa ofisini, na kwenye safu ya saa nane, kwa mwandiko wake, wino uliokauka tangu asubuhi: 20. Alikuwa amemwandikia pumzi mtu ambaye, saa ilipotimia, hakuwepo kuzipumua. Aliikata namba ile kwa mstari mmoja. Nyuma yake shuka lilitua, kama mtu aliyeshusha mzigo, na halikuinuka tena.

Kuanzia dakika hiyo Sista Funguo alijua. Alijua ni nini kilichokuwa kitanda cha tano, kilivyoingia, na kilivyoweza kutolewa. Alikwenda hadi kwenye chati ya Fundi Saa, akaisimamisha ncha ya kalamu juu ya ishirini ya saa nne, Jumanne. Kisha akakumbuka. Jumanne asubuhi alikuwa amesikia kitu nyuma ya pazia lile. Alisikia kucha zikikwaruza chuma cha kitanda, na mlio wa koo kama wa bomba lililoishiwa maji, naye akajiambia kwamba mzee anakohoa. Akiikata namba ile, mtu angeuliza ni ipi iliyokuwa mahali pake. Na aliyeuliza hilo angeuliza kuhusu wino mwekundu. Na aliyeuliza kuhusu wino mwekundu angetaka kabati lifunguliwe.

Aliirudisha kalamu mfukoni. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Hawakusema kwamba mwenye kuipita huweza kusimama mwishoni mwake siku nzima, akitazama ukuta.

Ijumaa alasiri daktari alimleta mtu ambaye hakuwahi kupanda ghorofa hiyo: mwosha maiti wa hospitali, aliyeitwa Mzee Baridi, mwenye viganja vilivyonyauka kwa maji ya miaka thelathini na mmoja. Aliwaamkia wote kwa adabu, akawapa pole, kisha akalishika dole gumba la mguu wa Fundi Saa na kulikunja.

"Amekakamaa akalegea tena," alisema. "Huyu ni mgeni wangu tangu Jumanne. Mmenicheleweshea."

"Mzee, chunga kauli yako," kaka alisema, lakini sauti yake haikuwa na meno.

"Wagonjwa wangu huwa hawalalamiki, kijana wangu, ndiyo maana nimekosa ustaarabu. Nisamehe." Akamgeukia daktari. "Mimi sifukuzi majini. Naosha tu. Lakini mara mbili katika kazi yangu nimeletewa mtu anayepumua namna hii, na mara zote mbili sababu ilikuwa moja. Jini hana pumzi yake mwenyewe. Hukaa penye utupu: shimo, nyumba iliyohamwa, kisima. Na pumzi iliyoandikwa ambayo mtu hakuipumua ni shimo. Kuna aliyelichimba kwa kalamu." Aliwatazama mmoja mmoja. "Nani alimhesabu huyu mzee Jumanne?"

Kwenye wodi nzima ilisikika saa ya ukutani, na kila pigo la tatu, ile pumzi.

"Nauliza tena. Aliyemhesabu akimkana jini kwa kinywa chake na kwa mkono wake, jini hana pa kukaa. Asipofanya hivyo, mzee atapumuliwa hapa hadi mifupa ioze. Tena jini atazoea. Atatafuta vitanda vingine."

Sista Funguo alifikiri juu ya kitanda cha tatu.

Binti ndiye aliyejongea. Hakupaza sauti. "Mama," alisema, na alitumia neno hilo kwa heshima yake yote, jambo lililokuwa baya kuliko tusi. "Tangu nilipoingia hapa Jumanne hadi saa hii ni siku tatu kamili. Nimepiga hesabu. Ni pumzi elfu themanini na sita na mia nne. Ni sawasawa na sekunde za siku moja. Baba angecheka sana kuisikia hesabu hiyo. Naomba unifungulie kabati."

"Kabati la nini, mwanangu?"

"Za baba zilikuwa kumi. Nataka kuzihesabu."

Mtu akinyimwa pa kukimbilia huweza kuwa mwepesi ghafla. Sista Funguo aliufungua mnyororo, akatoa ufunguo, akafungua kabati. Binti alizipanga chupa kwenye ukingo wa kitanda cha baba yake, moja moja, kama alivyozoea kupanga magurudumu madogo ya saa. Kumi zilitolewa. Kumi zilikuwepo. Shingo zote zilikuwa nzima.

Kaka alizitazama, akausoma wino mwekundu juu ya chati, akazitazama tena. "Ina maana," alisema polepole, "kama alikosa hewa... kama alikuwa anazama..."

"Alipumua ngapi, mama?" Binti aliuliza. "Saa nne. Niambie tu ukweli. Ngapi?"

"Sijui." Sista Funguo alikuwa akilia bila kujifuta. "Sikuhesabu, mwanangu. Nilimsikia, na sikuhesabu."

"Usimwambie yeye," Mzee Baridi alisema. "Andika."

Alichukua kalamu. Aliikata ishirini ya saa nane na kuandika kando yake, kwa herufi kubwa, SIKUHESABU, akatia saini. Pazia likaacha kutikisika. Aliikata ishirini ya saa nne, akaandika SIKUHESABU, akatia saini, na kabla nukta haijakauka kitu kilitoka kitandani.

Hawakukiona, lakini wote watano walikisikia kikipita kati yao, kizito na chenye unyevu, kikiwagusa nyuso kama nguo iliyolowa inayoburutwa, kikizima harufu ya dawa na kuwaachia ndimini ladha ya tope la chini kabisa la kisima, na kilipofika mlangoni saa ya ukutani ilisimama, na kile kifua kilichokuwa kimepanda na kushuka kwa siku tatu bila kukosea kikashuka na kubaki chini, kimya, sekunde tatu, sekunde sita, sekunde tisa, hata daktari akainua mkono kuelekea mfukoni ilipokuwa fomu yenye visanduku vitatu. Na hapo ndipo Fundi Saa alipofumbua macho.

Hakikuwa tena kile kitu. Ilikuwa ni Jumanne, saa nne asubuhi. Kinywa kilifunguka kikatafuta hewa isiyokuwepo, mishipa ya shingo ikasimama kama kamba, kucha zikakwaruza chuma cha kitanda, na kifua kikaanza kukimbia, kikijikwaa, kikikimbia tena, huku macho yakiwatembelea mmoja mmoja, macho ya mtu mwenye fahamu zake zote anayezama ndani ya chumba kikavu. Binti alikishika kioo mbele ya pua yake. Kioo kilijaa ukungu.

"Yumo," alisema. "Ee Mola wangu, alikuwemo. Siku zote tatu alikuwemo."

"Mhesabuni!" Mzee Baridi alifoka. "Mmekwisha kumwahidi, mhesabuni!"

Sista Funguo alipiga magoti kando ya kitanda, saa ya mkononi mbele ya macho yake, na kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mwanafunzi alikitazama kifua cha mtu kwa dakika moja kamili asifanye lingine lolote. Alihesabu kwa sauti. Dakika ile ilikuwa ndefu kuliko miaka ishirini na miwili. Kaka aliziba masikio. Ilipofika mwisho alitamka, "Arobaini na nne," akaiandika, akavunja shingo ya chupa ya kwanza bila kusubiri saini ya mtu yeyote, na kumchoma mzee sindano aliyoahidiwa.

Pumzi zilipungua kama gurudumu lililoachwa lizunguke lenyewe. Thelathini. Kumi na nane. Tisa. Uso ulilainika. Kabla ya ile ya mwisho, kidole gumba na cha shahada vya Fundi Saa viligusana, vikasuguana mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama anavyofanya mtu anayetia saa ufunguo. Kisha vikaachana.

Sista Funguo alihesabu dakika nyingine nzima, kwa sababu kipimo kimoja si kipimo. Aliandika 0. Daktari akatia alama visanduku vyote vitatu.

Walimzika Jumamosi. Kaka alishuka kaburini kumpokea, na alipotoka hakuweza kumtazama dada yake usoni. "Nilimkalisha humo siku mbili," alisema tu. "Kwa mdomo wangu."

Kikao cha hospitali kiliketi Jumatano iliyofuata, kikamaliza kazi yake kabla ya chai. Kwa miaka ishirini na miwili Sista Funguo alikuwa ameandika uongo zamu baada ya zamu, na alikuwa na barua tatu za pongezi kwa unadhifu wa chati zake. Aliandika ukweli alasiri moja, wakamfukuza. Uamuzi ulisema kwamba alimpa mofini mgonjwa ambaye pumzi zake zilikuwa za kawaida, kinyume cha agizo la maandishi, na mgonjwa akafariki muda mfupi baadaye. Daktari aliitwa kutoa ushahidi. Alisaini pale alipoonyeshwa, bila kuinua macho.

Jumatatu ya wiki ya pili, Binti na kaka yake walikwenda ofisi ya kumbukumbu kuchukua cheti cha kifo. Karani, mtu mpole mwenye mikono safi, aliwapa pole, akawakabidhi bahasha.

"Na nakala ya chati mmewekewa humo," alisema. "Ile ya kwanza ilikuwa imechafuka sana, imekatwakatwa, haifai kuhifadhiwa. Tumeinakili upya. Nimeiandika mimi mwenyewe."

Binti aliitoa. Ilikuwa karatasi nzuri, ya wino mmoja na mwandiko mmoja, isiyo na mkato wala doa. Jumanne saa nne, ishirini. Jumanne saa nane, ishirini. Ishirini, ishirini, ishirini, hadi mwisho wa safu, hadi mstari wa Ijumaa jioni ambapo karani, kwa kutaka ulinganifu, alikuwa ameijaza hata nafasi iliyopaswa kubaki tupu baada ya kifo.

"Uliinakili lini?" aliuliza.

"Jumatano, dada. Baada ya kikao."

Binti aliirudisha karatasi kwenye bahasha. Alimshika kaka yake mkono, wakatoka, wakatembea hadi makaburini katika jua kali la saa saba. Mvua haikuwa imenyesha tangu mazishi, na udongo juu ya kaburi la baba yao ulikuwa umekauka na kufanya nyufa ndefu, nyembamba, kutoka kichwani hadi miguuni.

Walisimama. Hapakuwa na upepo. Kaka alifungua kinywa aseme kitu, Binti akamwekea kidole mdomoni, kwa kuwa sikio lake lilikuwa limeshasikia.

Nyufa zilifunguka, upana wa unywele, vumbi likainuka kidogo. Zikafunga.

Binti alianza kuhesabu. Moja, mbili, tatu.

Zikafunguka.